Sifuri Zilizopotea Kwenye Namba za Simu Si Virusi

SWALI: Assalamu alaikum Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Lamu. Orodha ya wanachama wetu 146, yenye namba za simu, tarehe za kujiunga na michango, tuliletewa kwa barua pepe ikiwa faili ya CSV. Nilipoifungua kwa Excel, namba zinazoanza na 07 zilikuwa zimepoteza sifuri, zile zinazoanza na 254 zikawa zinasomeka 2.54712E+11, baadhi ya tarehe zilikuwa zimebadilishana siku na mwezi, na jumla ya michango ni ndogo kuliko ile iliyo katika daftari letu. Fundi mmoja ametuambia kwamba ni virusi, kwamba Excel yetu imekufa, na kwamba dawa ni kuifomati kompyuta na kuweka Excel nyingine. Mweka hazina ameshakubali. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaikum salaam, Ndugu Katibu. Mwambie mweka hazina leo hii kwamba kompyuta isifomatiwe. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo ulizozitaja inayotokana na virusi, na Excel yenu haijafa. Mkiwekewa Excel mpya kabisa, kisha mkaifungua faili ileile kwa njia ileile, mtayaona yaleyale, isipokuwa wakati huo kila kitu kingine kilichokuwa ndani ya kompyuta kitakuwa kimefutwa.

Faili ya CSV ni maandishi matupu. Kila mstari ni mtu mmoja, na mikato ndiyo inayotenganisha jina, simu, tarehe na mchango. Faili haielezi popote kwamba hii ni namba ya simu na hii ni fedha. Unapoibofya mara mbili, Excel hulazimika kukisia kila seli, yaani kila kisanduku cha jedwali, ina kitu gani, na ikiona tarakimu tupu hukisia kwamba ni hesabu. Katika hesabu, sifuri ya mwanzo haina thamani, kwa hiyo huondolewa, na namba yenye tarakimu 12 kama zile za 254 hufupishwa kwa kuonyeshwa kama 2.54712 zidisha kwa kumi mara kumi na moja. Ukitaka kuhakikisha, ifungue faili ya asili iliyo katika barua pepe kwa kutumia Notepad, programu ndogo ya maandishi iliyo ndani ya Windows, badala ya Excel. Utaziona sifuri zote mahali pake, kwa sababu Excel haigusi faili mpaka wewe mwenyewe uhifadhi.

Dhana ninayokutana nayo karibu kila wiki, na ambayo ndiyo mzizi wa fadhaa yote hii, ni kwamba kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni namba. Sivyo. Namba ya simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na namba ya kitambulisho na ya usajili wa mashua ni hivyohivyo. Jiulize swali moja kwa kila safu, yaani kila mstari wa jedwali unaoshuka kutoka juu hadi chini: je, nitawahi kuijumlisha? Kilo za samaki, changu na tafi, utazijumlisha, na michango utaijumlisha. Hakuna mtu aliyewahi kuhitaji jumla ya namba za simu za wavuvi 146, kwa hiyo safu hiyo lazima itangazwe kuwa ni maandishi kabla ya kuingizwa, wala si baada ya sifuri kupotea. Wengi huibadilisha safu kuwa maandishi baadaye, wanaona sifuri hazirudi, ndipo wanapoamini maneno ya virusi.

Njia iliyo rahisi zaidi kwa mtu asiye mtaalamu ni kutumia LibreOffice Calc, ambayo ni programu huru, ya bure na halali. Ukifungua CSV humo, kabla ya jambo lolote hukuletea dirisha linaloonyesha safu zote. Bofya kichwa cha safu ya simu uchague kwamba ni maandishi, bofya safu ya tarehe uchague utaratibu wa siku, mwezi, mwaka, safu ya michango uiache ilivyo, kisha ufungue. Ukipendelea Excel, fungua kitabu kitupu, nenda kwenye menyu ya Data, chagua "From Text/CSV", na pale inapotaka kutambua aina za data uiambie isitambue. Matoleo mapya ya Excel, tangu mwaka 2023, yana pia mahali katika mipangilio pa kuizuia isiondoe sifuri za mwanzo.

Sasa kuna jambo moja ambalo ni lazima unijibu moyoni mwako kwa uangalifu: baada ya kuifungua, uliihifadhi? Na kama uliihifadhi, kwa aina gani? Ikiwa uliihifadhi kama kitabu cha Excel, yaani faili inayoishia na xlsx, zile za 254 ziko salama, ile 2.54712E+11 ni sura tu ya nje, na ukiipa safu muundo wa namba bila desimali utaona tarakimu zote 12. Za 07 nazo zinarejesheka, kwa kuwa kila namba ya simu ya mkononi ya Kenya ina tarakimu tisa baada ya sifuri, na fomula ya kuunganisha "0" mbele ya seli inatosha. Lakini ikiwa ulibofya kuhifadhi na faili ikabaki CSV, basi Excel imeandika kile kilichoonekana kwenye skrini. Ndani ya faili sasa mna maneno 2.54712E+11 na hakuna kingine. Tarakimu sita za mwisho za kila mwanachama zimekwenda, na hakuna fundi, fomula wala programu duniani itakayozirudisha. Maji hayo yamemwagika. Kwa bahati nzuri faili ya asili ingali katika barua pepe, basi ipakue upya, itolee nakala, na ufanye kazi katika nakala tu.

Tarehe zinahitaji uangalifu zaidi kuliko simu, kwa sababu kosa lake halipigi kelele. Kwa Excel tarehe ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900: tarehe 1 Januari 2024 ni 45292. Kompyuta yenu inaelekea kuwa imewekwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mwanachama aliyejiunga 03/04/2024, yaani tarehe 3 Aprili, alipaswa kuwa 45385, ila mashine imemsoma kama wa tarehe 4 Machi na kumwandika 45355. Hiyo sasa ni tarehe nyingine kabisa, na kubadilisha muundo wa seli hakutaigeuza. Aliyejiunga 25/04/2024 hakubadilishwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na Excel imemwacha kama maandishi. Tazama safu hiyo kwa makini utaona mgawanyiko kwa macho: tarehe zilizogeuzwa zimesogea kulia mwa seli, na zilizoachwa zimekaa kushoto. Ukiona safu moja ina zote mbili, usirekebishe moja moja kwa mkono, rudi kwenye faili ya asili.

Hata wanasayansi wamefikwa na haya. Excel ilikuwa ikiligeuza jina la jeni ya binadamu SEPT1 kuwa tarehe 1 Septemba, na MARCH1 kuwa tarehe 1 Machi, na makosa hayo yakaingia katika makala za kitaalamu, hata mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni ikatangaza kuyabadilisha majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Hawakutafuta virusi, kwa sababu walijua chanzo.

Kuhusu jumla iliyopungua, nadhani naijua sababu hata kabla ya kuiona faili. Sisi tuna mazoea ya kuandika fedha hivi: 500/=. Kwa macho yetu hizo ni shilingi mia tano, lakini kwa Excel hayo ni maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka maandishi kimyakimya bila kutoa onyo lolote. Andika =COUNT ya safu ya michango, inayohesabu seli zenye namba tu, kisha =COUNTA ya safu hiyohiyo bila kichwa chake, inayohesabu kila seli isiyo tupu. Ya pili ikikupa 146 na ya kwanza ikakupa, tuseme, 131, basi wanachama 15 hawamo katika jumla yako. Bonyeza Ctrl na H, tafuta /= na ubadilishe kwa kuacha patupu, kisha ulinganishe tena na daftari.

Nimelieleza kwa urefu ili uone kwamba kila dalili ina sababu yake inayojulikana na inayopimika. Yule fundi hakupima hata moja. Ninasikitishwa sana na desturi hii iliyoenea katika mji wetu na Malindi na kwingineko pwani, ya kuifomati kompyuta kwa kila tatizo, mradi mwenyewe hajui kuuliza. Virusi vipo, sikatai, lakini Windows yenyewe inakuja na kinga yake, na kuiamuru ikague kompyuta nzima hakugharimu hata shilingi. Na hiyo Excel inayoletwa kwa fleshi, iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, ni mojawapo ya njia zinazojulikana sana za kuviingiza hivyo virusi vinavyodaiwa kutibiwa.

Msimu mmoja wa kusi alinijia mweka hazina wa chama cha akina mama akiwa na kompyuta iliyokwisha kufomatiwa kwa sababu kama yenu, sifuri na tarehe. Kumbukumbu za akiba na mikopo za miaka mitatu zilikuwa humo, wala hapakuwa na nakala. Tulikaa jioni nyingi tukiziingiza upya kutoka katika daftari lililolowa upande mmoja, na kurasa ambazo wino ulikuwa umetoka, akina mama walilazimika kukumbushana kwa mdomo nani alilipa nini. Wawili hawakukubaliana mpaka leo.

Wengine, wakikwepa mafundi, hukimbilia tovuti zinazoahidi kuitengeneza faili iliyoharibika papo hapo, au hulituma jedwali zima katika kundi la WhatsApp wakiomba msaada. Orodha ya wanachama ina majina, simu na mara nyingi namba za vitambulisho vya watu walioiamini kamati yenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawawajibisha ninyi mnaoitunza. Anayetaka kukusaidia haihitaji orodha halisi. Mtengenezee mistari mitano yenye majina ya kubuni na tatizo lilelile, umpe hiyo.

Orodha hii asili yake iko katika barua pepe, kwa hiyo itapona. Ninachohofia ni kumbukumbu za kilo za samaki na mihtasari ya mikutano ambayo umekuwa ukiiandika mwenyewe katika kompyuta hiyo. Kama tayari iko mezani kwa fundi, mpigie kabla hajaiwasha, uende na fleshi tupu, na unakili kila kitu ukiwa umesimama pale.