Muuzaji Binafsi Naye Apewe Njia ya Kumjua Mnunuzi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama Marekani iwalazimishe watu binafsi wanaouza bunduki kwenye maonyesho ya silaha kuwakagua wanunuzi, yaani kuhakikisha rekodi zao zinawaruhusu kumiliki silaha, kama wanavyotakiwa kufanya wafanyabiashara wenye leseni. Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana, na si kwa sababu napenda bunduki. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria iliwauliza wafungwa waliokuwa na silaha wakati wa kutenda makosa yao walikozipata. Waliotaja maonyesho hawakufika hata asilimia 1, ilhali zaidi ya asilimia 40 walitaja mitaani na soko la magendo. Anayetafuta bastola ya kufanyia uhalifu hana haja ya kulipa kiingilio.

Hata hivyo, hapa Texas niliwahi kumsindikiza mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani, aliyetaka kuuza bastola na bunduki ya kuwindia alizoachiwa na marehemu kaka yake. Mlangoni askari alihakikisha hazina risasi, kisha akapitisha mkanda wa plastiki kwenye kila moja ili isiweze kufyatuka. Mzee akachomeka kijiti kwenye mtutu wa bunduki, juu yake kipande cha boksi chenye bei, akaitundika begani, tukaanza kuzunguka kati ya meza za visu, risasi na nyama kavu. Wenye leseni walikuwa wengi kuliko watu kama yeye, na kwenye meza zao wanunuzi walikuwa wameinamia Fomu 4473, ile ya serikali ambayo mnunuzi wa bunduki huijaza, huku muuzaji akiwa kwenye simu akisubiri jibu la FBI, idara ya upelelezi ya taifa.

Kijana mmoja alitufuata. Bunduki hakuitazama, alitaka bastola, hakuomba kupunguziwa hata dola moja, na noti alikwisha kuzishika mkononi. Mzee akamwomba leseni ya udereva pamoja na kibali cha jimbo cha kubeba bastola, kwa kuwa kibali hicho hakitolewi kabla rekodi ya mtu haijachunguzwa. Kijana akasema ameviacha garini, akatoka, nasi tukamsubiri hadi kahawa yetu ikapoa bila kumwona tena. Huenda alikuwa mtu mwema asiyependa kuulizwa maswali, na wa namna hiyo Texas ni wengi. Lakini sheria haikumtaka mzee aombe kibali kile. Ilimkataza tu kumuuzia mkazi wa jimbo jingine, au mtu ambaye anajua, ama ana sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi kumiliki silaha; na asiyeuliza hana cha kujua.

Jambo lililoniudhi siku ile ndilo ninalotaka kulijibu, ingawa hamkuliuliza. Mfumo wa ukaguzi wa FBI, ulioanza kazi Novemba 1998, ni wa wenye leseni tu. Mzee angeweza kumlipa mmoja wao amkagulie mnunuzi, lakini yeye mwenyewe hakuwa na namba ya kupiga, na hatua chache kutoka pale wenzake walikuwa wakijibiwa papo hapo.

Kadiri ninavyoandika, ile asilimia 1 inapungua uzito. Bunduki tatu kati ya nne zilizotumika katika mauaji ya shule ya Columbine, jimboni Colorado, Aprili 1999, zilinunuliwa na rafiki wa wauaji, msichana wa miaka 18, kwa wauzaji binafsi kwenye maonyesho. Wapinzani husema kweli kwamba angefaulu ukaguzi. Ila mwenyewe alisema baadaye kuwa asingenunua kama angetakiwa kukaguliwa. Wapigakura wa Colorado waliliziba pengo hilo Novemba 2000, wakataka kila mnunuzi kwenye maonyesho akaguliwe, kwa takriban asilimia 70 ya kura. Kwa Marekani nzima, pendekezo kama hilo lilikwama katika Bunge la Seneti Aprili 2013, lilipopata kura 54 zilipohitajika 60.

Basi niandikeni upande wa ndiyo, kwa masharti. Sheria isiishie kwenye maonyesho, kwa sababu kijana yule angeweza kukutana na muuzaji mwingine kwenye maegesho ya duka lolote. Iguse kila mauzo kati ya watu wasiojuana. Baba anayemwachia mwanawe bunduki ya kuwindia asisumbuliwe. Ada iwe ndogo, na kumbukumbu za ukaguzi zisigeuzwe kuwa orodha ya taifa ya wamiliki, jambo ambalo sheria ya mwaka 1986 inalikataza tayari. Sharti hili la mwisho likiondolewa, nirudisheni kwenye hapana.