Hewa ukaa hugeuzwa "na" shaba au "kwa" shaba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Malindi. Katika insha ya sayansi niliandika: "Hewa ukaa hugeuzwa na haidrojeni na shaba kuwa methanoli." Mwenzangu anasema "na" zote mbili ziwe "kwa". Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzio amekaribia zaidi, ila hata "kwa" mbili hazitoshi, na sababu imo katika kemia yenyewe.

Kanuni unaijua: kitenzi kikiwa cha kutendwa, "na" humtaja mtenda, "kwa" hutaja kitumizi. Ubao hukatwa na fundi kwa msumeno. Sasa mtazame fundi wa Matondoni, huko Lamu, akikalafati jahazi. Jahazi huzibwa kwa pamba, na huzibwa kwa chembeu, ile patasi butu ya kushindilia pamba. "Kwa" ni ileile, mambo ni mawili: pamba hubaki katika mwanya wa mbao, chembeu hurudi kapuni. Mtu wa Lamu hababaiki, kwa sababu vyote viwili anavijua. Msomaji wako huenda hajui kipi hubaki na kipi hurudi kati ya haidrojeni na shaba, basi ni lazima sentensi imwonyeshe.

Haidrojeni huliwa. Molekuli moja ya hewa ukaa huungana na tatu za haidrojeni, ikapatikana moja ya methanoli na moja ya maji. Hewa ukaa ina atomu mbili za oksijeni: moja hubaki ndani ya methanoli, ya pili huenda na maji. "Na" ya "kuungana na" ni ya ushirika, haina ubishi.

Shaba haimo katika hesabu hiyo. Viwandani huchanganywa na oksidi za zinki na alumini, na kazi hufanyika kwenye joto la nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, chini ya shinikizo kubwa. Molekuli hunata juu ya uso wake, vifungo vya molekuli hizo hukatika na vipya hufungika kwa wepesi, kisha methanoli hujitoa ikaenda zake. Shaba huchakaa kwa muda, hasa kwa joto na mvuke wa maji, lakini hailiwi.

Mimi ningeandika hivi: "Hewa ukaa huungana na haidrojeni na kutoa methanoli na maji, na muungano huo huharakishwa na kichocheo cha shaba." "Huharakishwa na" ni sahihi kabisa, kwa kuwa kuharakisha ndiyo kazi ya shaba hasa, hapo ndiyo mtenda. Tena sentensi yako iliyasahau maji, na mwalimu wa kemia hatakusamehe.

Ukiendelea mpaka pale methanoli inapogeuzwa kuwa formaldehaidi, ile ya gundi za mbao, fuata mtindo huohuo: methanoli huungana na oksijeni ya hewani, na kinachoharakisha si shaba tena, ni fedha, au oksidi za chuma na molibdeni.