Biashara, tahajudi na mama mgonjwa: nianze na lipi?

Swali: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mchele soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga jua likizama. Nimo kwenye vikoba viwili, na usiku nafuatilia darsa kwenye makundi matatu ya WhatsApp hadi saa sita. Nimeanza kuamkia tahajudi, sala ya sunna ya usiku, ila nikirudi kujilaza Alfajiri inanipita. Alasiri nayo naikosa, maana ndipo wateja wanapojaa. Mama yangu anaumwa presha, yuko Tukuyu, sijamwona tangu Ramadhani. Siku hainitoshi. Nipange vipi?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullah, dada yangu. Barua yako umeianza na biashara, mama ukamweka mwisho. Sikulaumu, soko lina kelele na mama mgonjwa huwa kimya. Lakini kila jambo ulilotaja liulize maswali mawili: hii ni haki ya nani, na muda wake unaisha lini?

Salman, sahaba wa Mtume, alipomkuta sahaba mwenzake Abu Dardaa anafunga mchana na kukesha usiku huku mkewe kasahaulika, alimwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na watu wako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Salman amesema kweli. Imo katika Sahihi Bukhari.

Sasa tahajudi yako. Katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, imepokewa kwamba khalifa Umar bin Khattab asubuhi moja hakumwona Sulaiman bin Abi Hathma kwenye sala ya Alfajiri. Umar akatoka kwenda sokoni, na nyumba ya Sulaiman ilikuwa kati ya soko na msikiti. Akampita mama yake, Shifaa, akamwambia: sikumwona Sulaiman Alfajiri. Mama akajibu: alikesha akisali, usingizi ukamshinda. Umar akasema kwamba kwake yeye kuhudhuria Alfajiri kwa jamaa, yaani kusali pamoja na wenzake msikitini, ni bora kuliko kusimama usiku mzima. Yule alikosa jamaa tu, na bado Umar alisema hivyo. Wewe inakupita sala yenyewe! Unalipa sadaka huku deni limelala. Kwa sasa sali rakaa zako mbili na witri baada ya Isha, kisha ulale. Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha, na makundi matatu hadi saa sita ni mazungumzo hata yakiwa ya dini. Bakiza kundi moja, na darsa lake lisikilize asubuhi ukipanga magunia. Sala ulizokwisha kuzikosa zilipe kidogo kidogo, kila faradhi na moja ya kulipa.

Alasiri ina nafasi kuliko unavyodhani. Wanazuoni wa usuli, misingi ya sheria, wanatofautisha wajibu wenye wakati mpana, unaozidi muda wa kuutenda, na wenye wakati finyu, usiobakiza nafasi. Hapa Mbeya Alasiri huingia karibu na saa kumi, na hadi Magharibi kuna zaidi ya saa mbili. Sala yenyewe haizidi dakika kumi. Basi usingoje wateja waishe, kwa sababu hawaishi. Chukua udhu saa tisa na nusu soko likiwa limepoa (najua baridi ya Juni, maji yanauma, na ujira wake uko palepale). Wakati ukiingia, funika gunia, weka kopo la kupimia juu yake, mwombe jirani akuangalizie, nawe umwangalizie zamu yake. Mteja wa kilo mbili atasubiri au atarudi.

Na usifuate adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Jua la Adhuhuri hufika kwetu zaidi ya dakika 20 baada ya kufika kwao, na anayesali kwa adhana ile huenda amesali kabla ya wakati.

Vikoba sikuvikatazi, mradi havina riba. Kama fedha unazokopeshana zinarudi na nyongeza, hilo ni swali jingine na uniandikie.

Nimebaki na mama. Mchele utauza wiki ijayo na mwaka ujao, darsa zimerekodiwa, sunna za usiku mlango wake uko wazi kila usiku. Katika yote uliyoandika, mwenye wakati finyu usioujua mwisho wake ni yeye. Tukuyu ni kama kilomita 70. Funga kizimba siku moja wiki hii, mbebee mchele wake, kaa naye, muulize dawa anazimeza vipi. Ukishaenda, ndipo upange siku nyingine sita.

Wallahu a'lam.