Uliza Fundi: Taa ya ngazi imewaka na imekataa kuzima

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Niko hapa Umoja, ngazi za ploti yetu usiku ni giza tupu na watoto wanajikwaa, nikaona nijaribu kutengeneza taa ya kujiwasha mtu akipita. Nilinunua Arduino Uno, ile bodi ndogo unayoiandikia programu, na sensa ya PIR ya kuhisi mtu akipita, ile HC-SR501, pale Luthuli. OUT ya sensa, ule mguu wa kutoa ishara, nimeweka pini 2, LED na rizista ya omu 220 ziko pini 8. Programu nimeandika mwenyewe na inaingia kwa bodi bila kulalamika, lakini nikiwasha tu taa inawaka na haizimi. Nimebadilisha sensa, bado. Nimetoa mpaka waya ya sensa, bado inawaka. Kwenye loop, ile sehemu inayojirudia, nasoma hali ya sensa na digitalRead, halafu if yangu inasema hali = HIGH (ishara iko juu) basi washa taa halafu delay 5000, kama sivyo zima. Nimekwama wapi? – Dada wa Umoja

JIBU: Salama dada, na pole kwa pesa ya sensa ya pili. Ile ya kwanza usiitupe, nina imani iko sawa. Jibu umeshalitaja mwenyewe uliposema umetoa waya na taa ikabaki inawaka. Pini ikiachwa hivyo bila kitu huwa inasoma ovyo ovyo, saa hii HIGH saa hii LOW, na ukisogeza mkono karibu na waya inazidi kuchanganyikiwa, kwa hivyo taa ingekuwa inawaka na kuzima bila mpango. Yako imetulia tuli. Taa isiyojali kama sensa ipo ama haipo, hiyo inawashwa na programu.

Sasa rudi kwa ile if. Umeweka alama moja ya sawasawa, na inatakiwa ziwe mbili, yaani hali == HIGH. Alama moja ni amri, ni kama kumwambia askari wa geti "andika mtu amepita", na yeye anaandika tu hata kama hakuna mtu. Alama mbili ndio zinamuuliza "kuna mtu amepita?" Kwa hivyo programu yako inasoma sensa vizuri kabisa, halafu mstari unaofuata unafuta ilichosoma na kuweka HIGH, na HIGH ni 1, na kitu chochote kisicho sifuri kwa if ni kweli, basi taa inawaka milele. Bodi haikulalamika kwa sababu C++ inaruhusu uandike hivyo. Ingia Preferences za Arduino IDE, pale unapoandikia programu kwenye kompyuta, mahali pa Compiler warnings uweke All, siku nyingine itakuonya mapema.

Na tafadhali, kabla hujapanda matatu tena kwenda tao kununua kitu, jizoeze kuiuliza bodi inaona nini. Weka Serial.begin ya 9600 kwa setup, sehemu inayoanza mara moja tu, halafu Serial.println ya hali ndani ya loop, na iweke KABLA ya if, maana ukiiweka baada, na lile kosa lako liko palepale, ingekuandikia 1 siku nzima na ungezidi kuilaumu sensa. Fungua Serial Monitor, dirisha la kompyuta linaloonyesha bodi inaandika nini, pita mbele ya sensa, ukiona 0 imegeuka 1 ujue sensa iko hai na shida iko kwa maandishi. Ikikaa 0 tu ndio uanze kufuata waya. Kile kikombe cheupe cha sensa kinatoka ukikivuta polepole, na kwa nyingi chini yake utaona pale VCC (stima inaingia), OUT na GND (waya hasi) zimeandikwa, usikisie.

Ukisharekebisha usishtuke taa ikijiwasha ovyo mwanzoni, hiyo sensa inahitaji kama dakika moja ya kutulia ikipata stima. Halafu ina vinobu viwili vya rangi ya chungwa, kimoja ni cha umbali, mita 3 hadi 7 hivi, kingine ni cha muda OUT inabaki juu mtu akishapita, kutoka sekunde chache mpaka karibu dakika 5. Hicho cha muda kizungushe chote kinyume cha saa wakati unajaribu, la sivyo utakaa hapo dakika nzima ukidhani programu bado ni mbovu.

Ile delay 5000 nayo itakusumbua baadaye, kwa sababu kwa hizo sekunde 5 bodi haiangalii kitu kingine chochote. Kwa taa moja vumilia, ukiongeza ya pili hamia millis, saa ya bodi inayohesabu bila kuisimamisha, na muda uuweke kwa unsigned long, aina ya namba kubwa, sio int, maana int ya Uno inaishia 32,767, hiyo ni sekunde 32 na kidogo, baada ya hapo hesabu zinaharibika.

SWALI: Mkubwa, yangu inatumia LDR, ile sensa ya mwangaza, kuwasha taa giza likiingia, lakini jioni inachezacheza, inawaka inazima inawaka. – Kijana wa Githurai

JIBU: Umeweka namba moja ya kuwasha na kuzima, na hapo saa kumi na mbili na nusu mwangaza unazungukazunguka hiyo namba. Weka mbili. Kama LDR iko upande wa 5V na rizista ya 10k upande wa GND, mwangaza ukizidi namba ya analogRead inapanda, kwa hivyo washa ikishuka chini ya 300, zima ikipita 400, katikati hapo usiguse kitu. Namba zako kamili zisome kwa Serial Monitor. Na LDR igeuze isiangalie taa yenyewe.

SWALI: Naeza weka balbu ya kawaida badala ya LED? – Baba wa Kasarani

JIBU: Sio moja kwa moja, mzee. Pini ya Uno ni ya miliampu 20 hivi na balbu yako ni ya volti 240. Inapita kwa relei, swichi inayoendeshwa na bodi, na nyingi za moduli zake zinawaka ukizipa LOW, kwa hivyo ikifanya kinyume usibadilishe waya, geuza HIGH na LOW kwa programu. Upande wa 240 aufunge fundi wa stima mwenye leseni, ndani ya boksi lililofungwa, meini ikiwa imezimwa.