Mbu na baiskeli: majibu kwa maswali yenu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza dawa ipi ni kali zaidi. Tutazitaja dawa, lakini mwendesha baiskeli huumwa anaposimama, tena huumwa zaidi miguuni. Ndiyo maana tunaanza na kifundo cha mguu kabla ya kopo la dawa.

Natoka shambani saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikiwa mwendoni siumwi kabisa, ila nikisimama kusalimiana na mtu dakika mbili tu, miguu inawaka. Kwa nini? (Msomaji, Ifakara)

Mbu ni mrukaji dhaifu, hata mtu anayetembea kwa haraka anamwacha. Baiskeli ikiwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hawezi kukufikia, na upepo unatawanya pumzi na harufu yako. Ukisimama, mambo yote yanageuka kwa pamoja: unahema kwa nguvu, mwili una joto, jasho limejaa. Hewa unayoitoa puani ndiyo inayomwita kutoka mbali. Joto na harufu ya ngozi humwonyesha pa kutua.

Kuhusu miguu: yupo anofelesi (mbu aenezaye malaria) aina ya arabiensis, ambaye ni wa kawaida kwenye mashamba ya mpunga na penye ng'ombe. Huyu huuma nje ya nyumba na huanza mapema jioni. Kwa mtu aliyesimama au kuketi, sehemu kubwa ya kuumwa naye huwa chini ya goti, hasa kifundoni na juu ya wayo, kwa sababu hutafuta sehemu ya mwili iliyo karibu na ardhi. Mtu huyohuyo akilala chini, huumwa mwili mzima.

Kwa hiyo acha ndala kwa safari ya jioni. Vaa viatu vya kufunika na soksi nene ndefu, kisha chomeka mdomo wa suruali ndani ya soksi. Hapo hapo umezuia pia suruali isiliwe na mnyororo. Suruali iwe pana. Ile ya kubana ya michezo mbu huitoboa bila shida, maana kitambaa kimelala juu ya ngozi. Kama lazima uvae makubadhi, paka dawa nyuma ya kisigino, kwenye kifundo chote na katikati ya mikanda. Huko kwenu Ifakara watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamefanya majaribio ya makubadhi yenye kitambaa cha gunia kilichotiwa transfluthrini, dawa inayotoa mvuke wa kufukuza mbu. Wazo lao ni hilohilo: ulinzi uanzie miguuni.

Na salamu msizikatishe, ila simameni panapopuliza upepo, katikati ya uwazi, si chini ya mwembe wala kando ya jaruba.

Nimepaka dawa ya mbu, sasa miwani yangu ya plastiki imepata ukungu usiofutika na mipira ya usukani inanata. Je, dawa ni feki? (Msomaji, Morogoro)

Huenda ni halisi kabisa. Soma lebo: kama ina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, hiyo huyeyusha plastiki nyingi, rangi na vitambaa vya kuvutika. Haidhuru pamba, sufu wala nailoni. Mkono uliopaka dawa ukishika usukani, saa au kioo cha miwani, dawa inahamia huko na kuanza kula. Paka kwa mgongo wa vidole, kisha osha viganja kwa sabuni kabla ya kushika baiskeli. Usiipulize karibu na kofia ngumu, kwa kuwa ganda na mikanda yake ni plastiki. Ukitaka kuepuka tatizo hili, tafuta yenye ikaridini, kemikali nyingine ya kufukuza mbu, asilimia 20. Hukinga vizuri na haiharibu plastiki.

Kuhusu nguvu, DEET ya asilimia 20 hadi 25 hukinga takriban saa tano kwa mtu aliyetulia. Ya asilimia 10 ni kama saa mbili. Kupita asilimia 50 hakuongezi muda wa maana, kwa hiyo usilipie zaidi. Lakini saa hizo si za mtu anayepanda mlima huku jasho linamtiririka. Jasho huisafisha, hivyo rudia mapema, hasa ukikaribia mahali pa kupumzika.

Makosa tunayoyaona sana ni matatu. La kwanza ni kupaka kidoti hapa kidoti pale kama manukato. Dawa hulinda pale tu ilipopakwa, na mbu hutua sentimita chache pembeni. La pili ni kupaka paji la uso: jasho huishusha machoni, na kuwashwa macho ukiwa kwenye mteremko ni hatari. Shingoni nyuma na masikioni kunatosha. La tatu ni kuitanguliza kabla ya losheni ya jua. Losheni ya jua ndiyo ya kwanza. Subiri dakika 15 hadi 20, kisha dawa ya mbu juu yake. Tambueni pia kwamba DEET hupunguza nguvu ya losheni ya jua, kwa hiyo mchana mkali rudieni losheni mara nyingi zaidi.

Bangili za kufukuza mbu na programu za simu zinazolia mlio usiosikika hazikukingi. Fedha hiyo nunua soksi.

Nguo zinaweza kupuliziwa permethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5. Zianike nje, pulizia mpaka ziwe na unyevu, ziache zikauke kabisa kivulini kabla ya kuvaa. Hudumu hadi nguo ifuliwe kama mara sita. Haipakwi mwilini, na mabaki yasimwagwe mtoni kwa sababu huua samaki. Paka wa nyumbani naye asiguse nguo ambazo bado mbichi.

Nikipata pancha jioni nifanyeje? (Msomaji, Kibaha)

Usizibe, badilisha. Kuziba kwa kiraka, yaani kusugua msasa, kupaka solusheni, kungoja ikauke na kubandika, kunakuweka umechuchumaa kwa dakika 20 au zaidi. Tyubu ya akiba iliyokunjwa chini ya tandiko inakurudisha barabarani kwa dakika kumi. Sukuma baiskeli mpaka mahali pa wazi, paka dawa viwikoni na mgongoni chini, pale fulana inapopanda ukiinama, kisha ndipo ufungue gurudumu. Pitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba kabla ya kuweka tyubu mpya, la sivyo utarudia kazi gizani. Kiraka kitangoja nyumbani.

Mimi ni fundi baiskeli. Kijiweni kwangu mbu wanauma mchana kweupe. (Msomaji, Temeke)

Ndugu fundi, hao huenda wanazaliwa hapohapo kijiweni. Mbu wa mchana mwenye madoa meupe miguuni ni aedesi, mwenezaji wa homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam iliikabili kwa uzito mwaka 2014 na 2019. Hukazana asubuhi, saa chache baada ya jua kuchomoza, na alasiri kuelekea jioni.

Angalia karai lako la maji ya kutafutia pancha. Likilala na maji yaleyale wiki moja au zaidi, yai linaweza kuwa mbu kamili. Kumwaga peke yake hakutoshi: aedesi hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Mwaga kila jioni, sugua kuta za karai kwa brashi, ligeuze kifudifudi. Tairi kuukuu nazo usizilaze uani. Mvua ikinyesha maji huingia kwenye mkunjo wa tairi na hayatoki hata ukiinua. Lazima uzungushe na kukung'uta. Zitundike chini ya paa, au toboa matundu kadhaa kwenye zile unazofungia mizigo.

Kandokando ya ziwa kuna mawingu ya wadudu kama moshi, wanaingia mdomoni. Ni mbu? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, hao ni wadudu wa ziwani na hawaumi. Vaa miwani, funga mdomo kwa kitambaa, punguza mwendo.

Njia yetu inapita karibu na pori la akiba. Huko tunaumwa hata tukiwa mwendoni. (Msomaji, Tabora)

Hao ni mbung'o. Tofauti na mbu, wao hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Vaeni kaki au rangi ya mchanga, kitambaa kizito, kwa kuwa nguo nyepesi huitoboa. Dawa za kujipaka hazisaidii sana kwao. Mkiweza, piteni na gari.

Nililala nje siku mbili, sasa nina homa. Ni ya safari? (Msomaji, Kilwa)

Malaria haianzi kesho yake. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi baada ya kuumwa. Bila kujali hesabu, nenda kapime leo. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa kama dakika 20. Ikiwa ni malaria na umepewa dawa ya mseto ya ALu, meza dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta, hata ukijisikia mzima siku ya pili. Ikiwa si malaria, na una maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, mweleze daktari kuhusu dengue. Mpaka ijulikane, tumia parasetamoli tu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu. Ukiona fizi zinavuja damu, unatapika mfululizo au tumbo linauma sana, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama homa yenyewe imeshashuka.