Ayaana ni wa Pate, si wa Lamu mjini
Kuna ndugu kasema riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, The Dragonfly Sea (2019), inaanzia Lamu mjini. Hapana ndugu, haianzii huko. Ayaana, mhusika mkuu, ni mtoto wa kisiwa cha Pate, kisha anapelekwa China kusoma. Nimeimaliza juzi tu, sehemu kubwa nikiisoma kwenye boti ya Mtangawanda, gati ya Pate, tukingoja maji yajae, kurasa zishalowa chumvi. Na kwa mwingine anayesema yote ya riwaya hii ni ya kubuni, si yote: mwaka 2005 msichana wa kisiwa hichohicho alikwenda kweli kusoma China, kwa zile habari kwamba ni wa ukoo wa mabaharia wa Zheng He, amiri wa mezani wa China wa karne ya 15. Ila Ayaana mwenyewe kabuniwa. Sehemu za Pate tamu mno, za Uturuki zilinichosha.