Usiisahihishe Njia ya Puto

Vijana wa zamu wa kituo cha hali ya hewa, juzi nimemkuta mmoja wenu akijaza puto la kupimia upepo huku amevaa sweta la nailoni. Tumesema mara ngapi? Haidrojeni haingoji kiberiti, cheche ya nguo inatosha. Nawapenda, ndiyo maana nafoka.

1. Vaeni pamba.

2. Anga likiwa safi, puto jeupe, mawingu yakitawanyika, jekundu, yakifunga, jeusi.

3. Msifute pembe mlizosoma za puto. Hapa nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza, hapa hapa Dodoma, upepo wa mashariki ulilichukua puto kuelekea Bahi. Mwenzangu anaita dakika, mimi jicho kwenye theodolaiti, darubini ya kupimia pembe. Pembe ya mwinuko inashuka vizuri, puto likienda mbali: 41, 38, 36. Mara ikaanza kupanda: 38, 41. Nikajua nimesoma vibaya. Puto litarudije lilikotoka? Nikachukua kifutio, nikasugua mpaka karatasi ikachubuka, nikaandika 35, 34.

Mchana mzee wa zamu aliiinua fomu ile dirishani. Namba za mwanzo zilionekana kwa chini, kama kovu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, wewe huko juu umefika lini?" Taarifa ilikuwa imeshatumwa. Upepo uliogeuka na kutoka magharibi, mimi niliuacha uendelee kutoka mashariki. Aibu ile ninayo hadi leo.

Ndipo akanisimulia habari za Arthur Berson, Mjerumani aliyerusha maputo Ziwa Victoria mwaka 1908 akakuta, juu kabisa ya pepo za mashariki, upepo wa magharibi. Na Mfaransa Teisserenc de Bort wa Trappes, karibu na Paris: vipimajoto vyake vilifika kilomita 11 hivi, baridi ikaacha kuongezeka. Alishuku jua linavidanganya, akarusha usiku. Jibu likawa lile lile. Alirusha maputo zaidi ya 200 kabla ya kutangaza mwaka 1902, na tabaka lile la hewa ndilo tunaloliita stratosfia. Alikuwa na sababu zote za kufuta. Yeye akarudia kupima.

4. Mkitoka kula chipsi, naweni kabla ya kushika mpira wa puto. Mafuta yanauharibu.

5. Ukikosea, kata mstari mmoja, namba ya zamani isomeke, andika mpya pembeni. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwepo. Kifutio cha mezani nimekichukua mimi, msikitafute.